Vifungo Thelathini na Kimoja

Mwanangu Kheri aliajiriwa kuwavisha samaki vifungo. Hivyo ndivyo tulivyosema sisi wa kijiji cha Bodo, na mpaka leo nikiulizwa marehemu alikuwa akifanya kazi gani nasema hivyo hivyo, na anayeuliza hunitazama usoni aone kama ninafanya mzaha.

Walikuja mwanzo wa mwaka wa tisini na saba, watu wa idara ya samaki ya serikali pamoja na watu wa chuo kikuu. Serikali ilileta mashua na ofisa mmoja, Bwana Gerishom, mtu wa bara, mnene, mpole, asiyeogopa jua lakini akiogopa maji. Chuo kilileta msichana aitwaye Jacinter, na madaftari yake ameyatia ndani ya mifuko ya plastiki. Walitaka kijana wa hapa anayezijua njia za ndani ya mikoko, maji yakijaa na yakitoka. Kheri akachukuliwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mke, Yusra, na kitoto cha kike ambacho ndicho kilichonifanya niitwe bibi.

Walitega nyavu katika vijito vya mikoko, wakatoa changu na tafi wachanga. Kheri alimshika samaki kwa kitambaa kilicholowa, akampitisha sindano nyembamba ya chuma mgongoni, chini ya pezi, akamvisha vifungo viwili vya plastiki vya manjano, kimoja upande huu na kimoja upande wa pili, vidogo kama vifungo vya kanzu, vina tundu katikati. Kimoja kitupu, kimoja kina namba. Kisha akaikunja ncha ya ile sindano isichomoke. Jacinter akapima urefu, akaandika, na samaki akarudishwa majini. Waliwavisha samaki mia nne na kumi na wawili.

"Na hao samaki hawaumii?" nilimwuliza siku moja.

"Kama ulivyoumia wewe ulipotobolewa masikio, mama."

"Mimi nililia."

"Na wao hulia. Ila wamo majini, machozi yao nani atayaona?"

Ndivyo ilivyokuwa kauli yake Kheri. Lakini siku hiyo hiyo, nilipokuwa nikipaa samaki na yeye amekaa kwenye kibao cha mbuzi bila kukuna nazi, alinieleza maana ya kazi ile. Kulikuwa na kampuni iliyotaka kuikata mikoko ya nyuma ya kijiji ichimbe mabwawa ya kufugia kamba. Wao walisema mikoko ile ni kichaka cha matope tu, hakimlishi mtu.

"Sisi twasema samaki wa mwambani, hata wale wavuliwao Msambweni, wamelelewa humu," alisema Kheri. "Lakini kusema hakutoshi, mama. Samaki mwenye kifungo akivuliwa huko nje, na kifungo kikarudishwa, hapo ndipo serikali itaandika mikoko isikatwe. Jacinter ataandika ripoti, Bwana Gerishom ataipeleka."

"Na visiporudi?"

"Visiporudi itaandikwa havikurudi."

Nilimwelewa. Ninalitanguliza hili ili asije mtu akasema yule mama hakuambiwa.

Wakatengeneza masanduku ya mbao, wakayapaka rangi ya kijani, kila moja lina tundu juu kama la posta. Moja likawekwa katika banda letu la samaki, jingine Msambweni, jingine Majoreni. Pembeni ikafungwa penseli kwa uzi na karatasi za kuandika tarehe, mahali na urefu wa samaki. Asiyejua kuandika amwambie karani wa banda. Na mwenye kurudisha kifungo angepewa kofia.

Kibwana, mume wa marehemu dada yangu, ambaye ni mvuvi na ana upara tangu ujana, aliisikia habari ya kofia akaja kukaa barazani kwangu.

"Shemeji, mwambie mwanao amvishe kifungo samaki mjinga, nimpate upesi. Kichwa changu kimechoka kuwa kioo cha watu."

"Kofia yenyewe haitakutosha."

"Itatosha. Nitawaambia waongeze kitambaa."

Ukaja mwisho wa mwaka na mvua zile za El Nino. Hakuna asiyezikumbuka. Vyoo vilijaa, visima vilijaa, mbu wakawa wengi kuliko hewa. Kheri alishikwa na homa siku ya Ijumaa. Jumapili akawa anazungumza na watu wasiokuwapo. Jumatatu asubuhi tulimbeba kwa kitanda, wanaume wanane wakipokezana, tumpeleke hospitali, lakini tulipofika mtoni tukakuta mto umeila barabara. Tukakiweka kitanda chini, tukatazama ng'ambo ya pili. Kulikuwa na gari huko limesimama, dereva wake akitupungia mkono kwamba hawezi. Kheri alifariki hapo adhuhuri, nimemfunika uso kwa kanga yangu mvua isimpige. Zilikuwa zimebaki siku tisa kuingia Ramadhani.

Jacinter hakuweza kuja. Njia zilikuwa zimekatika. Alituma barua, ikafika baada ya mwezi, karatasi yake imelowa na kukauka mara nyingi.

Katikati ya Ramadhani nilinunua changu bandani wa kukaanga wakati wa futari, kwani ndiyo biashara yangu, samaki wa kukaanga. Nilipomgeuza nimpae nikaona cha manjano mgongoni. Namba mia mbili na saba. Nilitaka kuchomoa sindano nikashindwa, kwa sababu ncha yake ilikuwa imekunjwa mara mbili, halafu ikazungushwa. Wenzake wa mradi waliomsaidia walikunja mara moja. Kheri peke yake alikunja mara mbili, kama afungavyo nyavu zake, na Jacinter alimtania kwamba anawafungia samaki wasimkimbie. Nikakaa na yule samaki mapajani mpaka mafuta jikoni yakaungua.

Kile kifungo chenye namba sikukipeleka sandukuni. Nilikifunga katika pindo la kanga. Nilijiambia ni kimoja, na wamevishwa mia nne na zaidi.

Baada ya siku mbili akaja Kibwana, na ngumi yake ameifumba.

"Shemeji, nyosha mkono."

Akaniwekea kifungo kiganjani.

"Nimempata nje ya mwamba, kule mbele ya kisiwa cha Funzi. Kazi ya mwanetu. Nilikwenda nacho mpaka sandukuni, nikaona si haki kukitia tunduni kama barua ya mtu nisiyemjua. Nimekuletea mkononi. Pole, shemeji."

"Na kofia yako?"

"Nitavaa ya mwaka ujao."

Sijui ni yeye aliyeeneza au ni watu wenyewe walivyo. Wakaanza kuja. Mvuvi wa Majoreni aliyeshuka na mashua akatembea mpaka kwangu, viatu mkononi, akasema amesikia mwenye kuvisha vifungo amefariki, naye amepata kimoja, hakuona vyema kukaa nacho. Wachuuzi wa Msambweni waliwapa wenzao wanaokuja upande huu. Mama mmoja aliniletea kimefungwa katika karatasi ya sukari. Mwingine alikishona kwenye leso ndogo. Kila mmoja aliingia, akavua viatu, akanisomea Fatiha, akaniambia samaki alivuliwa wapi na nani, akanipa pole, akaondoka. Watu wetu huja na chochote walicho nacho kwa mfiwa, mchele, nazi, kuni. Mwaka ule walikuja na vifungo.

Mimi nikavitunga katika mshipi wa nailoni, pamoja na vya samaki niliowanunua mwenyewe bandani. Vina tundu katikati, vyatungika vizuri. Baada ya sala nikawa navitumia kama tasbihi, nikimwombea mwanangu, kimoja baada ya kimoja, na kila kidole kikigusa kifungo hukumbuka aliyekileta, naye nikamwombea. Tasbihi ya kawaida ina punje thelathini na tatu. Nikanuia vikifika thelathini na tatu nitamfanyia Kheri hitima, kisha nitavipeleka sandukuni vyote kwa pamoja. Mimi ni mtu wa subira. Watu wamenisifu kwa hilo tangu nikiwa mwari. Nilingoja.

Yusra alikuwa ndani ya eda, amekaa chumbani na nguo zake nyeupe, mtoto akinyonya. Siku moja aliniuliza polepole, "Mama, si hivi vilitakiwa sandukuni?"

"Vingine vinaingia huko, mwanangu. Hivi ni vya wachache wanaonijua."

Akamgeuzia mtoto titi la pili. Sikuwahi kwenda kulitazama lile sanduku. Ningelitikisa tu, ningejua.

Jacinter alirudi mwezi wa tano, amekonda, amevaa leso kichwani kwa heshima ya msiba wetu ingawa yeye ni Mkristo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu kwako."

Alikaa mkekani, akamchukua mtoto, akalia bila sauti mpaka mtoto akamshika pua. Nikamletea maji. Tukazungumza habari za mto, za kitanda, za yule dereva. Alitaka kujua kila kitu nami nikamweleza. Kisha nikamwuliza kazi yao inaendeleaje, maana mgeni huulizwa.

"Imekwisha, mama. Ripoti imekwenda mwezi uliopita. Watu wa ofisi walifungua masanduku yote matatu mimi nikiwa Nairobi." Alinyoosha vidole viwili. "Viwili. Kati ya mia nne na kumi na wawili vimerudi viwili, na vyote vimepatikana humu humu ndani ya mikoko. Wameandika kwamba hakuna ushahidi wa samaki kutoka nje. Mimi siamini. Najua walitoka. Lakini nitasema nini?"

Tasbihi ilikuwa chini ya kanga yangu, mkononi. Nilikuwa nimeishika tangu alipobisha hodi. Ningeweza kuiacha pale pale, na yeye angeondoka, na mpaka leo asingejua. Nasema kweli, nilifikiri hivyo, kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha nikaitoa nikaiweka mkekani kati yetu.

Hakuigusa kwanza. Aliinamia, akaanza kuhesabu kwa macho, midomo ikicheza.

"Thelathini na kimoja," nikamwambia.

"Mama, vyote hivi?"

"Waliniletea. Kwa ajili ya kunipa pole."

"Na wewe hukuvipeleka."

"Nilidhani wenzangu wanapeleka."

"Na wenzako walidhani nini?"

"Walidhani mwenye haki navyo ni mimi."

Alimweka mtoto chini, akainuka, akatoka nje. Nilimwona amesimama karibu na ua, ametupa mgongo, mikono kichwani kama mtu anayepigwa na jua. Nilingoja kelele zake. Ningezipokea. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akatoa daftari na kalamu.

"Mama, unakumbuka chochote? Alikileta nani, kutoka wapi, lini?"

Nikashika cha kwanza. "Mia mbili na saba. Huyu nilimnunua mwenyewe bandani, Ramadhani kumi na tano, kwa kijana wa Chome, alimvua kwenye mlango wa kijito." Nikashika cha pili. "Kibwana. Nje ya mwamba, mbele ya Funzi, Ramadhani kumi na saba." Cha tatu. "Mvuvi wa Majoreni, jina lake Randu, mwezi ishirini na tatu, alisema maji yalikuwa mafu, hayajai sana, samaki hawakuwa wengi." Cha nne, cha tano. Nilikuwa nikiwaombea kila siku mara tano, ningewasahau vipi? Jacinter aliandika mbio, akanisimamisha mara moja tu.

"Mfungo pili ndiyo lini?"

"Mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Subiri." Nikamletea kalenda ya msikitini, tukazilinganisha siku moja moja.

Ishirini na wanane walivuliwa nje, wengine mbali kama Msambweni. Alipomaliza aliitazama ile karatasi kama mtu aliyepewa chakula cha jana.

"Urefu, mama?"

"Hao nilionunua mimi nakumbuka. Tisa. Mmoja shubiri na vidole viwili, mwingine shubiri kasoro. Waliobaki sikuwaona. Niliona kifungo tu."

Akatikisa kichwa, akaandika tisa. Kisha akasema kila kifungo lazima kitiwe katika bahasha yake na namba yake. Akatoa mkasi mdogo. Akaushika, hakukata.

"Nikate mimi, mama, au ukate wewe?"

Nilikitafuta kifundo cha mshipi nikakifungua kwa meno. Vifungo vikateleza vikaanguka mkekani, na kile kitoto kikacheka kikataka kuvishika.

Tulikwenda Kwale pamoja wiki ile ile, tukashukia Kombani, tukapanda gari jingine. Bwana Gerishom alitupokea ofisini kwake, akatupa viti, akaniamkia, akanipa pole ya Kheri kwa maneno mazuri. Jacinter akamwekea bahasha mezani. Alizisoma zote, moja moja, na mimi nikaona shingo yake inavyozidi kuinama.

"Mama," alisema, "mimi nakuamini. Nilikaa na Kheri mashuani, najua alivyofanya kazi. Nakuamini. Lakini hii fomu haina mahali pa kuandika nakuamini. Inataka tarehe iliyoandikwa siku ile ile. Inataka urefu. Na uamuzi wa kuiruhusu kampuni umetiwa sahihi tarehe ishirini na nane ya mwezi uliopita."

"Kheri aliniambia vikirudi mikoko haikatwi."

"Alisema kweli."

"Basi vimerudi."

Alivua miwani akaifuta na shati. Alisema atavipeleka kwa wakubwa zake na barua, na alivipeleka, simlaumu. Barua ikajibiwa mwezi wa saba. Jacinter alinisomea: wameshukuru, na ushahidi uliochelewa utaangaliwa katika awamu ijayo ya ushirikiano wa idara na chuo. Nikamwuliza awamu ijayo ni lini. Akaikunja barua.

"Haipo, mama. Mradi umekwisha. Mimi narudi chuoni kesho kutwa."

Kabla ya kuondoka aliacha bandani katoni nzima ya kofia zilizobaki, watu wajigawie. Mwezi wa nane wakaja wakata mikoko. Kampuni iliajiri vijana wa vijiji vya jirani, hata wa hapa, kwani kazi ni kazi, na jua lilikuwa kali, kwa hiyo walivaa zile kofia. Niliwaona nikiwa na ndoo yangu ya samaki. Zilikuwa nyeupe, zina picha ya samaki mwenye kifungo mgongoni, zikiinama na kuinuka kule kwenye matope, na mashoka yakilia. Walianza na vijito vile vile alivyokuwa akiingia Kheri. Maji yalipojaa yaliingia mpaka nyuma ya nyumba za watu, mekundu, hayana pa kushika.

Kibwana alikuja akakaa barazani, kichwa wazi. Kofia yake aliichukua lakini sijamwona nayo mpaka leo. Siku hiyo hakuja na utani wowote.

"Tulikuja kukupa pole," alisema. "Kumbe tulikubebesha."

"Mlinipa nilichokitaka, Kibwana. Kuvipeleka ilikuwa juu yangu."

"Mimi ndiye niliyeanza."

"Wewe ulileta kimoja. Mimi niliweka thelathini na kimoja."



Huu ni mwaka wa tisini na tisa. Juzi, Jumatano, nilinunua changu wawili wakubwa kwa mchuuzi wa Msambweni. Mmoja alikuwa na cha manjano mgongoni, kimefunikwa na ukoga, nusu kimezama katika nyama kwa jinsi alivyonenepa. Nilikisugua kwa kidole gumba. Mia tatu themanini na nane. Sindano imekunjwa mara mbili ikazungushwa.

Nilimwuliza mchuuzi samaki kavuliwa wapi. Akasema nje ya mwamba, mbele ya Msambweni, jana yake alfajiri. Nikamwambia aseme tena. Kisha nikaenda kwa fundi cherehani nikaazima utepe wake. Alinitazama nilivyomlaza samaki juu ya gazeti, nikampima kutoka mdomoni mpaka kwenye mkia.

"Unamshonea suruali, bibi?"

"Namwandika," nikamjibu.

Sanduku bado liko bandani. Rangi imebanduka, na juu yake karani huwekea redio. Penseli imeibwa zamani, uzi wake umebaki ukining'inia. Nilikuwa na penseli anayochezea mjukuu wangu. Nikaandika, polepole, kwa herufi zangu kubwa za darasa la tatu: tarehe, mahali, urefu. Nikakifunga kifungo ndani ya karatasi.

Kibwana alikuwa akitengeneza wavu karibu hapo. Alisimamisha sindano yake.

"Shemeji, hilo nani atalifungua?"

"Sijui."

"Basi unatilia nini?"

Nilimwomba karani aondoe redio yake. Nikakitia tunduni, nikainamisha sikio. Kilianguka, kikagonga ubao wa chini.